Kabla Hujaifuata Ramani ya Kale ya Reli ya Uingereza

Tangu maadhimisho ya mwaka 2025 ya miaka 200 ya reli nchini Uingereza, yaliyohesabiwa kuanzia ufunguzi wa njia ya Stockton na Darlington tarehe 27 Septemba 1825, sisi watunza nyaraka tunapokea maombi mengi ya ramani za kale, na malalamiko nayo hayako nyuma. Mtu amefika mahali ramani ilipoonyesha stesheni, hakukuta hata tofali, akaandika kwamba tumempotosha. Wengine wamejikuta wakihojiwa na polisi wa reli. Hatuna shaka na nia njema ya wananchi hawa. Ila ramani ya reli ilichorwa kwa kazi yake maalumu, na lazima uijue kazi hiyo kwanza.

Chukua michoro ya makutano ya reli ya Railway Clearing House, taasisi ya kugawanya mapato kati ya kampuni za reli, iliyoanzishwa mwaka 1842. Abiria alikata tiketi moja akapita kwenye reli za kampuni tatu, na nauli ikagawanywa kwa kufuata umbali. Kwa ajili ya hesabu hiyo mchoraji ramani John Airey alichora kila makutano, kila kampuni kwa rangi yake, na umbali ukaandikwa kando ya mstari. Ukiona 2 ikifuatiwa na 70, ni maili 2 na cheni 70. Maili moja ina cheni 80, kwa hiyo hapo unakaribia maili tatu. Anayesoma 2.70 kama desimali anakosea kwa zaidi ya mita 250, kisha anatuandikia kwamba mchoro una kasoro. Mchoro hauna kasoro.

Yanayosumbua zaidi ni makaratasi yaliyowasilishwa kuomba idhini ya Bunge ya kujenga reli. Mwaka 1845 siku ya mwisho ya kuwasilisha ilikuwa Jumapili, 30 Novemba, na mawakala walikimbizana hadi usiku kufikisha vitita vyao London. Njia nyingi zilizoombwa enzi hizo hazikujengwa kamwe. Mstari uliomo humo ni ombi tu, na vinukta pande zake vinaonyesha hadi wapi wajenzi wangeruhusiwa kuusogeza. Tumelieleza hili mara nyingi na tutaendelea kulieleza. Lakini msiyadharau makaratasi haya! Kila kipande cha ardhi kina namba, na kitabu kinachoambatana nayo kinataja mwenye ardhi, mpangaji na aliyekuwa akiishi hapo. Kwa mtafiti wa ukoo au wa kijiji, hiyo ni hazina hata kama treni haikuwahi kupita.

Majina nayo hubadilika. Usitafute Heuston kwenye ramani ya Dublin ya mwaka 1900: stesheni hiyo iliitwa Kingsbridge hadi 1966, wakati Connolly ilikuwa Amiens Street na Pearse ilikuwa Westland Row. Matumizi pia hubadilika. Liverpool Road ya Manchester, iliyofunguliwa mwaka 1830, iliacha kupokea abiria mwaka 1844 ikabaki ya mizigo hadi 1975. Babu yako hakupanda treni ya abiria pale mwaka 1890, hata kama ramani inaionyesha.

Sasa sheria. Ramani si kibali cha kuingia. Kwa England na Wales, kifungu cha 55 cha sheria ya British Transport Commission ya mwaka 1949 kinaruhusu faini isiyozidi pauni 1,000 kwa anayeingia relini bila ruhusa. Njia iliyong'olewa reli huenda ni mali ya mtu binafsi. Omba ruhusa kwa maandishi. Kuhusu majengo yanayolindwa, sheria ya mwaka 1990 inayotumika huko huko inakataza kubomoa au kubadilisha bila kibali kwa namna inayogusa sifa za jengo. Kosa hilo likifika mahakama ya juu, adhabu ni kifungo kisichozidi miaka miwili, faini isiyo na kikomo, au vyote viwili. Uskoti na Ayalandi zina sheria zao. Kung'oa kigae "cha kumbukumbu" ni wizi, na inauma kuona watu wakiuita mapenzi ya historia. Lango la stesheni ya Euston, London, lilibomolewa mwaka 1961 na 1962 watu wakipinga. Stesheni jirani ya St Pancras ilinusurika na kupewa daraja la juu kabisa la ulinzi mwaka 1967. Tukipoteza kilichobaki hatutakirudisha.

Unapoomba ramani, andika jina la kampuni, wilaya na mwaka. Kumbuka kampuni nyingi ziliunganishwa kuwa nne mwaka 1923, na nne hizo zikataifishwa mwaka 1948. Nyaraka za kampuni za England na Wales anzia Hifadhi ya Taifa iliyoko Kew, London, za Uskoti Edinburgh, za Ayalandi ya Kaskazini Belfast. Uliza mapema vitambulisho gani vinatakiwa. Chumba cha kusomea ingia na penseli. Kalamu ya wino iache kabatini pamoja na mkoba. Picha ya matumizi yako binafsi huombewa ruhusa kwenye meza ya wahudumu kabla ya kupigwa, na ukitaka kuichapisha utajaza fomu nyingine ya haki za matumizi, hata kama picha umeipiga mwenyewe.