Kujiwakilisha: Waroma wanapojichora wenyewe

Kujiwakilisha ni watu kujieleza kwa mikono yao baada ya kuelezwa na wengine kwa muda mrefu. Kwa Waroma wa Ulaya, ambao wengi huwaita Wajipsi, muda huo ni karne kadhaa. Hata jina "Wajipsi" ni tunda la kosa: wenyeji walidhani wageni hawa wametoka Misri, ilhali asili yao ni India na lugha yao ni jamaa ya Kihindi. Mwaka 1971, kwenye kongamano lao karibu na London, waliamua waitwe Roma, kutokana na neno lao "rom", yaani mwanamume au mume.

Katika sanaa ya wengine, Mroma alikuwa mpiga ramli, mwizi wa kuku, au mrembo wa kuwapagawisha wanaume. Mchoraji Jacques Callot, karne ya 17, alichora msafara wao, na chini ya picha yakawekwa mashairi ya kejeli. Michoro hiyohiyo ndiyo aliyoichukua Małgorzata Mirga-Tas, Mroma wa Poland, akaishona upya kwa vitambaa: nguo za ndugu na marafiki, mapazia, mashuka. Unachokiona kama sketi kwenye picha huenda kweli kilikuwa sketi ya mtu. Mwaka 2022 kazi zake zilijaza banda la Poland katika maonyesho ya kimataifa ya sanaa ya Venice, Italia, naye akawa Mroma wa kwanza kuwakilisha nchi huko. Picha zilipangwa kwa safu ukutani: safu ya juu ilikuwa ya safari. Ya chini, maisha ya kila siku ya watu wake.

Ceija Stojka, Mroma wa Austria, yeye alinusurika kambi tatu za Wanazi akiwa mtoto. Kitabu chake cha kumbukumbu kilitoka mwaka 1988, na uchoraji aliuanza akiwa na umri wa miaka hamsini na kitu, kwa brashi na mara nyingine kwa vidole.

Lakini kushika kalamu peke yake hakutoshi, na hapa ndipo wengi wanapoirahisisha dhana hii. Papusza, mshairi Mroma wa Poland, alitunga kwa Kiroma. Aliyetafsiri, kuhariri na kuchapisha alikuwa Jerzy Ficowski, ambaye hakuwa Mroma na aliunga mkono mpango wa serikali wa kuwalazimisha Waroma waache kuhamahama. Wazee wakamshutumu Papusza, si Ficowski, kwamba ametoa siri za jamii. Alitengwa, akaugua, akaishi mbali na watu wake hadi alipofariki mwaka 1987.