Je, wajua? Kwa nini "mbuni" ina mizani 3 shambani na 2 mbugani

Mizani ni idadi ya silabi katika mshororo, yaani mstari mmoja wa shairi. Tarbia iliyozoeleka ina mishororo 4 kwa kila ubeti, kila mshororo una mizani 16, nayo hugawanywa vipande viwili vya 8: ukwapi (cha kwanza) na utao (cha pili). Tenzi nyingi zina mizani 8 kwa mshororo, ingawa Al-Inkishafi ina 10. Shairi huru halifungwi na hesabu hii.

Wanafunzi wengi hushika njia ya mkato: hesabu irabu, utapata mizani. Njia hiyo inavutia kwa sababu karibu kila mara inatoa jibu sahihi. "Shairi" ina irabu 3 na mizani 3, sha-i-ri. "Chui" ina 2, chu-i. "Mauaji" ina 4. Ila ukifika kwenye "mtu", inakwama. Irabu ni moja tu, lakini mizani ni 2: m-tu. Anayehesabu irabu atapata 15 kwenye mshororo wenye 16, kisha atamlaumu mshairi ambaye hana kosa lolote.

Wengine hujirekebisha kwa kuipa kila m inayotangulia konsonanti mzani wake. Hapo wanakosea upande wa pili, maana "mbuzi" ni mbu-zi, mizani 2 na si 3.

Tazama neno "mbuni" katika mishororo hii miwili:

Tangu jua kuchomoza, apalilia mbuni
Tangu jua kuchomoza, anamkimbiza mbuni

Utao wa kwanza ni a-pa-li-li-a-m-bu-ni: 8. Wa pili ni a-na-m-ki-mbi-za-mbu-ni: 8 pia. Mbuni wa kwanza ni mti wa kahawa, wa pili ni yule ndege mkubwa asiyeruka. Herufi ni zile zile, mizani 3 na 2. Kwangu mimi hapa ndipo somo la mizani linapokuwa tamu, kwa sababu sikio linajua kitu ambacho tahajia haionyeshi.

Siri ni kwamba m ya "mtu" na ya mbuni mti ni kiambishi ambacho asili yake ni mu-. Lugha ndugu bado zinayo: Waganda husema omuntu. Katika Kiswahili irabu u ilidondoka, lakini ni kama abiria aliyeshuka na kiti chake kikabaki garini: m imekikalia peke yake, na mshairi bado anakihesabu. M ya mbuni ndege haikuwahi kuwa na u. Imeungana na b na hutamkwa kwa mkupuo mmoja.

Ukitaka kupima, weka neno katika wingi. Mtu, watu, mbuni, mibuni: m imeng'oka nzima, basi ni silabi kamili. Mbuzi mmoja, mbuzi wawili: m haikubanduka, basi si silabi. Kipimo hiki kinatatua hata kivumishi. "Mtu mbaya" huwa "watu wabaya", kwa hiyo hapo ni m-ba-ya. "Nyumba mbaya" haibadiliki, kwa hiyo ni mba-ya. Ila m ikikutana na irabu mara nyingi huwa mw na kuungana nayo: mwa-li-mu ni 3, ijapokuwa wingi wake ni walimu.

Kipimo hakifai kwa maneno mafupi sana kama mbwa, mbu, nchi, nge na nne. Wingi wake haubadiliki, lakini kila moja lina mizani 2. Sababu ni mkazo: Kiswahili huuweka kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na katika "nchi" hakuna pengine pa kuuweka isipokuwa kwenye n. Neno likirefuka, mkazo hupata pa kukaa na m huungana tena na jirani yake. Ndiyo maana mbwa ni m-bwa, na mbweha, mrefu kwa herufi mbili, ni mbwe-ha: wote mizani 2.