Si kila "maji kwenye moyo" huvutwa kwa sindano

"Daktari, nimeambiwa nina maji kwenye moyo, naomba yatolewe." Kauli hii nimeichoka, na mwezi uliopita aliyeitoa alikuwa mama aliyekwisha kuanzishiwa dawa za kifua kikuu kwa sababu tu eko (kipimo cha moyo kwa mawimbi ya sauti) ilionyesha eneo jeusi kando ya moyo. Hakuwa na homa wala hakukonda. Nilipomgeuza alalie ubavu wa kushoto nikarudia kipimo, niliona mfuko wenye ukuta mwembamba umeibonyeza chemba ya juu ya kulia, na pande nyingine zote za moyo zilikuwa kavu. Ilikuwa sisti ya utando wa moyo.

Maji yaliyo huru ndani ya utando hutandaa kuuzunguka moyo, ilhali sisti ni mfuko uliojifunga, ambao mara nyingi mtu huzaliwa nao. Ni kweli kwamba maji ya kifua kikuu cha muda mrefu nayo huweza kujitenga mahali pamoja, na ndiyo sababu eko peke yake haitoshi. Kwenye CT (picha za eksirei za tabaka kwa tabaka), sisti ya kawaida huwa na uzito wa maji, takriban 0 hadi 20 kwa kipimo cha Hounsfield (namba za CT zinazoonyesha uzito wa kitu), wala haing'ai baada ya dawa ya kung'arisha picha inayodungwa mshipani. Lakini ikiwa imevuja damu ndani au ina protini nyingi namba hupanda, na hapo MRI (picha za sumaku) husaidia zaidi. Kuharakisha sindano ni hatari, hasa kwa mgonjwa anayetoka maeneo ya wafugaji kama Turkana, ambako sisti inaweza kuwa ya tegu wa mbwa, yaani mnyoo, na kuitoboa ovyo huweza kusababisha mzio mkali na kusambaza vimelea. Picha kwanza, tafadhali.

Wapo wanaoshikilia kwamba sisti hukaa kwenye pembe ya kulia kati ya moyo na kiwambo (msuli unaotenganisha kifua na tumbo) pekee. Nyingi hukaa hapo, lakini huonekana pia kushoto, na mara chache juu karibu na mishipa mikubwa. Kwamba haina dalili kamwe, si kweli: ikibana huleta kikohozi, maumivu ya kifua, kukosa pumzi au mapigo yasiyo na mpangilio. Saratani siyo. Upasuaji nao si lazima kwa kila mtu. Isiyosumbua hufuatiliwa kwa picha, na baadhi hutoweka zenyewe.

Mkija kliniki, leteni picha zenyewe, si karatasi ya majibu pekee.