Je, wajua kwa nini rimu kuukuu ya gari la kale husomwa mgongoni?

Ukienda Gerezani, Dar es Salaam, kutafuta rimu za spoti, muuzaji atakuonyesha uso wa rimu, umesuguliwa mpaka unajiona. Mwenye gari la kale hashughuliki na uso. Anaigeuza rimu, anafuta vumbi la breki kwa kidole gumba, anaanza kusoma.

Upande wa ndani ndiko kiwanda huacha maandishi: namba ya spea, vipimo, na mara nyingi mwezi na mwaka wa kutengenezwa. 6J x 15 maana yake upana ni inchi 6 na kipenyo inchi 15. J ni umbo la ukingo unaoshika tairi. Nyingi za Kijapani zina herufi JWL, alama ya viwango vya Japani vya rimu za metali nyepesi kama alumini.

Tarehe ndiyo inayopandisha bei. Chukua Porsche 911. Rimu zake mashuhuri, zenye sura ya ua la petali tano, zilikuja na 911 S ya modeli ya 1967, zikiwa na upana wa inchi 4.5 tu. Kampuni ya Fuchs ya Ujerumani haikuzisubu kwa kumimina alumini kwenye kalibu. Ilizifua, kama mhunzi anavyofua jembe, ila kwa mashine kubwa. Ndiyo maana ni nyepesi na hazivunjiki ovyo. Leo nakala mpya zimejaa sokoni. Lakini mwenye gari la 1968 anataka rimu zilizogongwa muhuri muda mfupi kabla gari lake halijatoka kiwandani. Ya 1972 ni Fuchs halali kabisa, ila si ya gari lile. Sasa tafuta nne zinazolingana! Hapo ndipo kuukuu inapoishinda mpya kwa bei, na ndipo matapeli nao wanapopata riziki. Ukiagiza kutoka nje, usitume hata senti kabla hujatumiwa picha ya mgongo wa kila moja.

Hata orijino inaweza kuwa imekufa. Chuma kikiingia shimoni hubonyea, fundi akakigonga kikanyooka. Alumini ya kusubu hupasuka, na ufa huanza mwembamba kama unywele. Rimu iliyowahi kuchomelewa mimi siinunui, hata iwe na muhuri wa mfalme. Kisha kuna chumvi ya bahari. Kwa anayekaa Msasani au Kigamboni, upepo hupenya palipochubuka rangi, na chini yake alumini hutoa unga mweupe. Za magnesi ndizo huliwa upesi zaidi. Magnesi ina theluthi mbili tu ya uzito wa alumini, kwa hiyo ilipendwa kwa magari ya mashindano. Sumaku haitakusaidia kuzitofautisha, kwani hainasi kwenye yoyote kati ya hizo mbili. Dondoshea tone la siki mahali pasipo na rangi: magnesi hutoa povu.

Bolti nazo zisikupite. Porsche hiyo ina bolti tano kwenye duara lenye kipenyo cha milimita 130. Toyota nyingi za bolti tano hapa mjini zina 114.3. Kwa macho zinafanana, kwenye habu, yaani kitovu rimu inapofungwa, haziingii.

Kichekesho ni Datsun 240Z, gari lililoshinda mbio za East African Safari mwaka 1971 na 1973, ambalo wazee wa hapa bado wanalisimulia. Ukiuziwa rimu za alumini za gari hilo kwa maneno “orijino za kiwandani,” uliza mara mbili. 240Z nyingi zilitoka kiwandani na rimu za chuma za inchi 14 zenye vifuniko. Wenyewe walizivua ili wafunge za kung'aa, na huenda za kweli ziko nyuma ya gereji fulani Ilala, zimekandamiza turubai lisipeperuke.