Je, wajua kwa nini meneja wa bidhaa si bosi wa mtu?

Ukipitia matangazo ya kazi ya kampuni za simu, benki na programu za Nairobi au Dar es Salaam, hukosi kukutana na nafasi ya meneja wa bidhaa, mtu anayebeba jukumu la kitu gani kitengenezwe na kwa nini. Picha inayokuja haraka ni ile tuliyoizoea: ofisi yenye mlango, watu kadhaa chini yake, sahihi yake kwenye fomu za likizo. Sasa muulize aliye kwenye cheo hicho ana watu wangapi anaowasimamia. Mara nyingi jibu ni sifuri. Wahandisi wanaoandika programu wana mkuu wao. Wabunifu wana wao. Masoko, sheria, huduma kwa wateja, kila idara ina mwenyewe. Yeye yupo katikati yao, hawezi kumfukuza hata mmoja, na bidhaa ikidoda ndiye atakayeitwa kujieleza.

Mtu anaweza kudhani hilo ni kosa la waliochora muundo wa kampuni. Sivyo. Kazi yenyewe iliundwa hivyo kwa makusudi, na ilianzia kwenye sabuni.

Mwaka 1931, Neil McElroy alikuwa kijana wa miaka 26 akishughulikia matangazo ya Camay, sabuni ya kuogea ya kampuni ya Procter & Gamble, Cincinnati, Marekani. Camay ilipambana na sabuni za kampuni nyingine, lakini ilipambana pia na Ivory, ambayo ilikuwa ya kampuni hiyo hiyo na ndiyo iliyotupiwa macho na kila mtu. Tarehe 13 Mei McElroy aliandika waraka wa kurasa 3, mahali ambapo waraka ulitakiwa usizidi ukurasa mmoja. Alitaka kila chapa iwe na mtu wake: achunguze mauzo eneo kwa eneo, aende mwenyewe madukani kujua kwa nini hapa sabuni inanunuliwa na pale inalala kwenye rafu, aandae mpango wa kurekebisha, kisha afuatilie kama mpango umezaa kitu. Kiwanda hakikuwa chini yake, wala wauzaji. Alichobebeshwa ni matokeo.

McElroy mwenyewe alipanda hadi kuwa rais wa kampuni mwaka 1948, na mwaka 1957, siku chache baada ya Warusi kurusha Sputnik, akaapishwa kuwa Waziri wa Ulinzi wa Marekani. Chini yake, mwaka 1958, ikaanzishwa ARPA, taasisi ya utafiti ambayo mtandao wake wa kompyuta wa mwaka 1969 ndio mzazi wa intaneti. Hili halina uzito katika hoja yetu, lakini ni vigumu kulipita kimya: mtu wa sabuni ana mkono kwenye chimbuko la cheo cha meneja wa bidhaa na pia la mtandao unaowalisha mameneja wengi wa bidhaa leo.

Kutoka kwenye sabuni, wazo likahamia kwenye kompyuta. Katika miaka ya 1980, Microsoft ilipokuwa inatengeneza Excel, programu ya majedwali ya hesabu, kwa ajili ya kompyuta za Macintosh, kuna mtu aliyepewa kazi ya kueleza kwa maandishi programu itafanya nini na itaonekanaje, wakati wanaoiandika wana mkuu mwingine. Mtindo huo ukaenea.

Jambo lililoenea zaidi kuliko mtindo wenyewe ni dhana potofu. Iliyo sugu kupita zote ni ile inayomwita meneja wa bidhaa mkurugenzi mtendaji mdogo. Usemi huo umezagaa katika kampuni za teknolojia za Marekani, na vijana wengi huingia kazini wameuamini. Lakini mkurugenzi ana bajeti, anaajiri, anaachisha kazi. Watu wakibishana, anakata shauri na mambo yanakwisha. Meneja wa bidhaa akijaribu hivyo wiki ya kwanza, mhandisi mwenye miaka 10 kazini atamsikiliza kwa adabu, atarudi kwenye meza yake na kuendelea na alichokuwa anafanya. Hakuna barua ya onyo ya kumwandikia. Na hata kama ingekuwepo, mhandisi huenda ndiye aliye sahihi, maana anajua ni sehemu gani ya mfumo ikiguswa itaangusha nyingine. Anayetoa amri kwa watu wanaojua kazi kuliko yeye hupata utii, na pamoja na utii hupata programu iliyoandikwa kama alivyosema badala ya kama ilivyohitajika.

Wengine humchanganya na meneja wa mradi. Meneja wa mradi anakabidhiwa kitu ambacho kimekwisha kuamuliwa, na kazi yake ni kuhakikisha kinakamilika kwa wakati na kwa fedha zilizopo. Swali lake ni lini. Meneja wa bidhaa anaulizwa swali linalotangulia hilo: kwa nini hiki na si kile? Mradi unaweza kumalizika siku ile ile iliyopangwa, bila shilingi moja kuzidi, ukazaa kitu ambacho hakuna anayekitaka. Hapo meneja wa mradi anastahili pongezi, na meneja wa bidhaa amefeli.

Ipo pia dhana kwamba yeye ndiye mtu wa mawazo mapya. Mawazo hayajawahi kuadimika katika kampuni yoyote. Watu wa mauzo wanataka kitufe walichomwahidi mteja mkubwa. Mkurugenzi ameona kitu kizuri kwenye programu ya washindani. Mwanasheria anataka ukurasa mzima wa masharti kabla mteja hajafika popote. Wahandisi wanataka miezi 2 ya kusafisha walichokiandika kwa haraka mwaka jana, na kwa kawaida wana haki. Ugumu uko kwenye kuyakataa mengi ya hayo, kubaki na machache, na bado wenye mawazo wakubali kuja kwenye kikao kijacho.

Asiye na amri anakataaje? Mfikirie mwenyekiti wa kamati ya harusi. Harusi si yake. Fedha si zake; ni michango na ahadi, na ahadi nyingine zitabaki kuwa ahadi. Anayesimamia chakula ni shangazi yake bibi harusi, mwenye usafiri ni kaka yake bwana harusi, mapambo yako kwa rafiki wa familia ambaye ana jicho la rangi kuliko wanakamati wote wakijumlishwa. Kila mmoja anaijua sehemu yake kumzidi mwenyekiti, na wote wamejitolea. Shangazi hafukuzwi. Lakini pilau ikiisha wageni wakiwa bado kwenye foleni, hakuna atakayemtafuta shangazi, watamtafuta mwenyekiti.

Sasa shangazi anataka keki ya ngazi 7. Mwenyekiti asiyejua kazi atasema hapana, mimi ndiye mwenyekiti, na kuanzia jioni hiyo atakuwa na kamati mbili. Anayejua kazi anafungua daftari. Wageni waliothibitisha ni 300. Fedha iliyoingia mkononi, si iliyoahidiwa, ni kiasi hiki. Kikao cha kwanza tulikubaliana sote kwamba hakuna mgeni atakayeondoka na njaa. Keki hiyo ni sawa na sahani za wageni 60. Tufanyeje, shangazi? Shangazi anajijibu mwenyewe, na keki inashuka hadi ngazi 3 bila mtu kuaibika.

Nguvu yake hapo imetoka kwenye mambo ya kawaida kabisa. Alikuwa na hesabu ambazo wengine hawakuwa nazo kwa pamoja. Alikuwa amekwenda kuwauliza maharusi wenyewe wanataka nini hasa, kwa hiyo haongei kwa niaba ya matamanio yake. Na aliwaweka watu kwenye makubaliano ya lengo moja mapema, kabla keki haijatajwa. Hilo la mwisho ndilo husahaulika. Ukianza kutafuta makubaliano ya lengo wakati keki iko mezani, kila mtu atachagua lengo linaloipendelea keki yake.

Ofisini, daftari la meneja wa bidhaa ni malalamiko yaliyoletwa kwa simu huduma kwa wateja, takwimu za wapi watu wanaishia njiani wakijisajili, na maelezo aliyoandika alipokaa na wateja akiwatazama wakihangaika. Ana waraka mfupi unaosema tatizo ni lipi, la nani, na tutajuaje kwamba limekwisha. Ana foleni ya kazi, iliyopangwa ili la juu lifanywe kwanza. Sehemu kubwa ya siku yake inakwenda kwenye vikao, kueleza jambo lile lile kwa wahandisi kwa lugha yao na kwa watu wa fedha kwa lugha yao, na si kazi ya kupendeza kuitazama.

Mfano mzuri wa kazi hiyo, M-Pesa, uko karibu nasi kuliko Cincinnati, ingawa waliohusika hawakuwa na cheo hicho kwenye kadi zao. Nick Hughes wa kampuni ya simu ya Vodafone, Uingereza, alipata fedha za ruzuku kutoka idara ya maendeleo ya kimataifa ya serikali ya nchi hiyo ili kujaribu kitu kimoja: wateja wa taasisi ya mikopo midogo walipe marejesho yao kwa simu. Mwenzake, Susie Lonie, akaja Kenya mwaka 2005 kukifanya kitu hicho kifanye kazi. Majaribio yalianza Oktoba mwaka huo, Nairobi na Thika, na wateja wasiofika 500, kwa kushirikiana na Safaricom, Faulu Kenya, ambayo ndiyo taasisi yenyewe ya mikopo, na benki ya Commercial Bank of Africa. Kilichokuwa kinatengenezwa, kwa mujibu wa karatasi, ni mfumo wa marejesho ya mikopo.

Marejesho yalileta shida. Kumbukumbu za malipo ya simu zilipaswa kunakiliwa upya kwa mkono kwenye vitabu vya Faulu. Mikopo ilikuwa ya vikundi, na mtu anayeweza kulipa akiwa dukani kwake anaona sababu chache za kwenda kwenye mkutano wa kikundi, ilhali mkutano ndio uliokuwa unakibana kikundi kilipe. Wakati huo huo wateja walikuwa wanautumia mfumo kwa mambo ambayo hawakutumwa. Walitumiana fedha. Waliwanunulia ndugu muda wa maongezi. Wengine waliweka fedha kabla ya safari na kuzitoa walikofika, ili wasisafiri na noti mfukoni.

Bosi mwenye amri angeweza kuwazuia, maana makubaliano yalikuwa mikopo. Timu ilichagua kinyume chake: marejesho ya mikopo yakaachwa, yakabaki mambo machache, yakiongozwa na kutuma fedha nyumbani. M-Pesa ilizinduliwa rasmi Kenya tarehe 6 Machi 2007 kwa ahadi hiyo, na kabla ya mwaka kuisha ilikuwa na wateja zaidi ya milioni moja.

Hata hivyo, tusiupe uamuzi mmoja sifa zote. Safaricom chini ya Michael Joseph ilikuwa tayari kuingiza nguvu zake zote, na Benki Kuu ya Kenya haikuzuia. Tena Vodacom ilipoipeleka M-Pesa Tanzania mwaka 2008, wazo likiwa lile lile, mwanzoni haikushika kasi ya Kenya hata kidogo. Ni vigumu kutenganisha alichofanya mtu wa bidhaa na kilichofanywa na soko, mawakala na wakati. Cheo nacho hakifanani kila mahali. Katika benki nyingi, meneja wa bidhaa ni mtu mwenye malengo ya mauzo ya mkopo au akaunti fulani, na hana mhandisi wa kuongea naye. Kampuni ikiwa na watu 5, kazi hii anaifanya mwanzilishi bila kuipa jina.

Mikopo, kwa upande wake, haikuzikwa. Novemba 2012 Safaricom ilileta M-Shwari, akiba na mikopo ndani ya M-Pesa yenyewe, kwa kushirikiana na Commercial Bank of Africa, benki ile ile iliyokuwemo kwenye majaribio ya 2005. Safari hii mkopo haukuhitaji kikundi wala karani wa kunakili malipo; mteja alipimwa kwa mwenendo wake wa kutumia simu na kwa kumbukumbu za M-Pesa, ambazo mwaka 2005 hazikuwepo.