Majilio ya pamoja yaanze na masomo

Makanisa mawili au matatu yakikubaliana kusali pamoja wakati wa Majilio, majuma ya kungoja kabla ya Krismasi, swali la kwanza kikaoni karibu kila mara ni hili: kila kwaya itaimba nyimbo ngapi? Mimi kazi yangu ni kuandaa liturujia, na nimejifunza kwamba kikao kikianzia kwenye kwaya, ibada hugeuka tamasha. Kila kwaya huleta wimbo inaoumudu zaidi, na mara nyingi wimbo huo ni wa Krismasi. Nilishiriki kuandaa ibada moja ya namna hiyo, Jumapili ya kwanza ya Majilio. Tuliimba kuzaliwa kwa Yesu mwanzo hadi mwisho, na hakuna aliyepata nafasi ya kungoja. Iliniuma.

Siku hizi naomba tufungue kwanza kalenda ya masomo ya Biblia yanayosomwa kila Jumapili. Mpango wa miaka mitatu ulioanza kutumika katika Kanisa Katoliki mwaka 1969 ndio uliozaa ule uliotolewa mwaka 1992, unaofuatwa na Walutheri, Waanglikana, Wamethodisti na Wapresbiteri wengi. Kwa hiyo Jumapili ya kwanza ya Majilio katika Mwaka A, yaani wa kwanza kati ya ile mitatu, aliyekwenda misa na aliyekwenda kwa Wamethodisti wote husikia Isaya 2, Zaburi 122 na Mathayo 24. Jumapili ya pili na ya tatu anatawala Yohana Mbatizaji, ya nne ni ya Yosefu na Mariamu. Majirani hawa wamekuwa wakilishwa neno lilelile asubuhi ileile, kila mmoja nyuma ya ukuta wake! Zaburi 122 yenyewe ni wimbo wa watu walio njiani kwenda nyumbani kwa Bwana. Waumini waiimbe wakiingia kwa maandamano, na nusu ya ibada imeshapatikana.

Kuna sababu ya ndani zaidi inayonifanya niupende msimu huu kwa ibada za pamoja. Sote tunakiri kwamba Kristo atakuja tena kwa utukufu. Hakuna dhehebu lililokwisha kupokea kinachongojwa, basi hakuna mwenyeji wala mgeni.

Shada la mishumaa ya Majilio nalo lina historia inayosaidia. Mchungaji Mlutheri Johann Hinrich Wichern alilitengeneza Hamburg mwaka 1839 kwa gurudumu la mkokoteni, kwa ajili ya watoto maskini aliowalea, ili wahesabu siku hadi Krismasi. Wakatoliki walilipokea karne iliyofuata. Rangi ya mishumaa isiwapotezee muda. Zambarau, bluu au nyeupe, zote zina watu wake.

Kuhusu Ekaristi, yaani Meza ya Bwana, pale makanisa yasiposhiriki meza moja, msilazimishe. Chukueni muundo wa sala ya jioni, wenye Wimbo wa Mariamu, ambao wote wanaujua. Ibada ikiangukia kati ya 17 na 23 Desemba, zipo antifona saba za kale, yaani viitikio vifupi vya kuimba, kila moja ikimwita Masiya kwa jina lake: Hekima, Shina la Yese, Ufunguo wa Daudi, hadi Emanueli. Kila usharika au parokia ipewe jina la kuita.

Taa zizimwe kabla watu hawajaingia. Mtu wa kanisa lisilo mwenyeji awashe mshumaa wa kwanza, kisha Isaya isomwe kwa mwanga huo mmoja: “Njoni, twende katika nuru ya Bwana.” Kwaya zisubiri hapo, kimya, hadi msomaji aketi.