Mbawakawa si mende

Juzi sokoni kijana alinikung'utia gunia la makopa, ile mihogo mikavu. Unga ukamwagika, na ndani yake vidudu vyeusi vinatambaa. "Vimende tu hivi, mama, chekecha upike." Wiki hiyohiyo, Mikindani, mkwezi akamshusha chonga, yule mdudu mwenye pembe, kutoka mnazini, naye akamwita mende. Nikasema hapana, leo naandika.

Mbawakawa ni mdudu ambaye mbawa zake za mbele zimekuwa ngumu, zikafunika zile laini za kurukia. Maana ndiyo hiyo. Mimi nikilisikia jina hili naliona kawa kabisa, lile la ukili tunalofunikia sinia nzi wasitue. Wagiriki nao waliona kifuniko, ila wao waliwaza vita badala ya wali: koleos ni ala ya upanga, pteron ni bawa, ndipo wataalamu wakapata Coleoptera. Mshike chonga umtazame mgongoni. Utaona mstari umenyooka katikati, pale makawa mawili yanapokutana bila kupandana. Mende mbawa zake ni kama ngozi, na moja huilalia nyingine. Tena mtoto wa mende ni mende mdogo asiye na mbawa, basi. Mtoto wa mbawakawa ni buu, na hageuki mpaka alale kwanza bila kula. Kiukoo mende ni jamaa wa mchwa.

Chonga na dumuzi, yule wa kwenye gunia, ndio ndugu, wote mbawakawa, hata kama hawajawahi kuonana. Chonga ana pembe, unene wa kidole gumba, hutoboa kilele cha mnazi usiku, na makuti yakikunjuka utadhani mtu kapitisha mkasi. Buu lake wala haliko juu: liko kwenye gogo lililooza ambalo mwenye shamba hulikalia akipumzika. Dumuzi hafiki nusu sentimita, kichwa kakificha chini ya kifua. Asili yake Amerika ya Kati. Huku kwetu alianza kuonekana Tabora mwishoni mwa miaka ya 1970. Yeye huzaa humohumo ndani ya kopa, na ule unga ni kazi ya meno yake.

Nikamwambia yule kijana, "Mwanangu, ukiita mende, mtu atakwenda kununua dawa ya mende ainyunyizie chakula. Huyu ni dumuzi."

"Kumbe fukusi!"

"Fukusi ana mkonga, baba. Hebu mtazame huyu vizuri."

Akainama kutafuta mkonga.